Msaada: prosesa inafika nyuzi 99 nikirenda video, nianzie wapi?

Mhariri wa Harusi, Tanga

Habari za saa hizi wadau. Nahariri video za harusi na send-off hapa Tanga mjini, na mashine yangu imeanza kuninyima usingizi. Naomba mwenye uzoefu anishauri kabla sijatoa hela.

Ni deskitopu ya kuunganisha, niliinunua mtumba. Prosesa ni Intel Core i7-4790, RAM 16 GB, kadi ya picha ndogo isiyohitaji waya wake wa umeme, na feni ya prosesa ni ile ya duara ya Intel inayobanwa kwa pini nne za plastiki. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba imefanyiwa sevisi yote.

Shida ilikuja polepole. Kwanza feni ikaanza kuvuma mpaka wateja wanauliza kuna nini. Baadaye kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kukawa kuzito: video ya dakika ishirini iliyokuwa inamalizika ndani ya nusu saa, sasa inapita saa nzima. Jirani yangu akaniwekea HWiNFO, programu ya kuonyesha joto la mashine, ndipo nikaona namba. Ikiwa imekaa tu bila kazi iko kwenye nyuzi 56 hadi 60. Nikibonyeza kurenda inagonga 99 na kubaki hapo hapo, na kwenye Task Manager kasi inashuka mpaka GHz 2.3, wakati mwingine chini ya hapo. Haijawahi kuzima yenyewe.

Mfuniko nimeufungua na vumbi nimelitoa kwa brashi laini ya rangi. Lilikuwepo, ila si la kutisha, na joto halikubadilika.

Fundi mmoja wa mtaani anasema prosesa "imechoka", ninunue nyingine. Mwingine anataka kuniuzia mtambo wa kupoza kwa maji. Kila kimoja bei yake inakula malipo ya harusi nzima. Nina kazi ya kukabidhi wiki ijayo, bibi harusi anapiga simu kila siku. Nianzie wapi?

Kijana wa Sinza

Pole dada. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikatoa mfuniko wa pembeni nikaielekezea feni ya mezani, ikatulia. Na kama huna pesti, ile krimu ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa, watu wanapaka dawa ya meno nyeupe. Jaribu, huna cha kupoteza.

Fundi Kompyuta, Kariakoo

Salama dada. Naomba usinunue chochote kwanza, na huyo anayesema prosesa imechoka usimpe hata shilingi. Prosesa ya kwako ni nzima, tena inajilinda: i7-4790 ikikaribia nyuzi 100 inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Ndiyo maana GHz zinashuka na kazi inachelewa. Inakulilia kwamba joto halitoki.

Mimi nikiletewa mashine yenye joto, kabla sijashika bisibisi nataka kujua joto limekwama wapi. Linazaliwa ndani ya silikoni, linavuka bati la juu la prosesa, linavuka pesti, linaingia kwenye hitisinki, lile donge la chuma lenye mapezi chini ya feni, feni inalisukumia kwenye hewa ya ndani ya kasha, halafu kasha nalo linatakiwa kuitoa hewa hiyo nje. Kituo chochote hapo kikiziba, kwenye skrini utaona ile ile 99. Kwa hiyo hiyo 99 haijakwambia kitu bado. Angalia mwendo wake.

Iache mashine itulie robo saa bila kazi. Fungua HWiNFO, tafuta mstari wa CPU Package, kisha anza kurenda macho yakiwa hapo. Namba ikipanda taratibu, ikachukua dakika tatu, nne au tano kufika juu, ujue hitisinki inapokea joto ila haipati hewa ya kulitoa: vumbi, feni imechoka, au kasha halipumui. Lakini ikiruka kutoka 58 hadi tisini na kitu ndani ya sekunde moja au mbili, joto halijafika hata kwenye hitisinki. Donge zima la alumini haliwezi kupata moto kwa sekunde mbili. Hapo tatizo ni pesti, au hitisinki haijaikalia prosesa sawasawa. Kuruka kidogo ni kawaida, nyuzi 15 hata 20, hasa kwa kizazi hiki. Kuruka 40 si kawaida hata kidogo. Kisha simamisha kurenda uangalie inavyoshuka. Ikianguka papo hapo, jibu ni lile lile. Ikishuka polepole, chuma kilikuwa kimejaa joto kweli.

Baada ya hapo gusa. Mashine ikiwa kwenye 99, shika kwanza bati la kasha ili umeme tuli ukutoke, halafu gusa pembeni ya hitisinki kwa tahadhari, mbali na mapanga ya feni. Ikiwa ya moto sana, inafanya kazi yake. Ikiwa vuguvugu tu wakati skrini inasema 99, umeshampata mwizi bila kutumia senti.

Na tafadhali pima joto la chumba. Feni haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. Tanga mchana chumba kikiwa 31, ukaona 81, tofauti ni 50. Mtu wa Njombe chumba chake 17 akaona 67, tofauti ni 50 vile vile, mashine zenu ziko sawa. Watu wengi hapa wanalinganisha namba na mtu aliyeko Ulaya mwezi wa kwanza, wanaishia kununua vitu wasivyovihitaji.

Kijana wa Sinza, mdogo wangu, hilo la mfuniko ni kipimo kizuri ila si tiba. Mfuniko ukitoka na joto likashuka nyuzi 8 au 10, kasha ndilo linalobana. Lisiposhuka, rudi chini ya hitisinki. Dawa ya meno naomba tuache kushauriana. Ina maji, yanakauka kwa joto la prosesa, na kinachobaki ni unga mkavu usiopitisha joto. Wateja huja kwangu na mashine hizo, na kuusugua unga ule kwenye bati la prosesa ni kazi ya kuchosha.

Kupoza kwa maji usikufikirie. Kile kibati chake nacho kinahitaji pesti na kinahitaji kukaa sawa kama hitisinki. Kama tatizo ni hapo, utakuwa umehamisha tatizo kwa bei kubwa.

Kwa kazi ya wiki ijayo: nenda Control Panel, Power Options, fungua mipangilio ya ndani, tafuta Processor power management, halafu Maximum processor state weka 60%. Itakimbia karibu GHz 2. Haitakuongezea kasi, lakini sasa hivi inajishusha yenyewe huko huko, basi afadhali ishuke kwa utaratibu kuliko kuwa inagonga 99 usiku kucha. Leta majibu.

Mhariri wa Harusi, Tanga

Asante sana fundi, umenieleza mpaka nimeelewa. Nimefanya yote jioni hii.

Chumba kina nyuzi 31, nimepima kwa kipimajoto cha ukutani. Kabla ya kazi ilikuwa 57. Nilipobonyeza kurenda ilifika 96 hata mkono haujatoka kwenye kipanya. Niliposimamisha ikadondoka hadi 64 papo hapo. Hitisinki nimeigusa, ni vuguvugu, ningeweza kuishika muda wote. Nimetoa mfuniko: imeshuka nyuzi 2 tu. Feni inazunguka mizunguko 2,400 kwa dakika.

Kwa 60% inakaa 84, na muda wa kurenda haujatofautiana sana na wa jana. Angalau kelele imepungua na kazi ya bibi harusi inaendelea. Kwa hiyo ni pesti?

Msomaji wa Likoni, Mombasa

Hujambo dada. Fundi amekuongoza vizuri, nami naongezea moja kwa sababu sote tuko pwani. Vumbi la huku halikai kama la bara. Hewa ina unyevu na chumvi, vumbi linashikana na kuwa utando katikati ya mapezi ya hitisinki, brashi inapita juu tu. Ukishaitoa, iangalie kwa tochi kutoka upande wa chini.

Na usiipeleke kwa wajaza upepo wa magari. Najua wengi hufanya hivyo kwa sababu ni karibu na ni rahisi. Tangi la kompresa lina maji ndani, na mara nyingine mafuta, vyote vinarushwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Tumia blowa ya umeme ya mkono, na uishike feni kwa kidole ukipuliza, isizunguke. Upepo mkali unaizungusha kuliko uwezo wake na beringi inakufa.

Fundi Kompyuta, Kariakoo

Ndugu yangu wa Likoni umesema kweli tupu, hasa hilo la kompresa.

Dada, majibu yako yako wazi. 57 hadi 96 kwa kufumba na kufumbua, chuma vuguvugu, mfuniko hausaidii. Ni kati ya prosesa na hitisinki. Pesti karibu hakika imekauka, lakini usiishie kwenye pesti. Kwa feni hizi za Intel mimi huanza na zile pini nne, kwa sababu ndizo zinazosumbua kuliko kitu kingine chochote kwenye deskitopu za kizazi hiki. Mtu anazibonyeza tatu zinaingia, ya nne inakunjika pembeni, hitisinki inakaa upande, na kwa macho ya juu huoni kitu.

Kabla ya kufungua, iwashe mashine ifanye kazi dakika kumi pesti ilainike, kisha izime na uchomoe waya wa ukutani. Chomoa waya wa feni. Kila kichwa cha pini kina mshale: zungusha kwa kufuata mshale robo mzunguko, kisha kivute juu. Zikiachia zote nne, zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia, ndipo uinue. Usiinyofoe kwa nguvu. Prosesa yenyewe iache kwenye soketi yake, usiifungue ile fremu ya chuma, maana pini za chini yake ni laini mno na ikipinda moja mazabodi imekwenda.

Safisha pande zote mbili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti isiyo na rangi. Duka la dawa uliza isopropili. Ya 70% inafaa ukiacha ikauke vizuri, ya 90 na kuendelea ni bora. Ile spiriti ya bluu inaacha rangi juu ya bati, iache.

Pesti mpya weka katikati kiasi cha punje ya kunde, usiipake kwa kidole, mgandamizo wa hitisinki utaisambaza. Arctic MX-4 inatosha kabisa na bomba moja dogo utalitumia mwaka mzima. Jihadhari na zile za kijivu zisizo na jina ambazo zimekaa juani kwenye meza za barabarani, nyingine ukiminya yanatoka mafuta kwanza.

Sasa sehemu ya pini, hapa nenda taratibu. Rudisha vichwa vyote kinyume cha mshale kabla ya kuanza. Weka hitisinki, hakikisha ncha nne zimeingia kwenye matundu yake. Bonyeza pini mbili za pembe zinazotazamana, kisha mbili zilizobaki. Kila moja utaisikia "kak". Usifuate mduara, hitisinki italalia upande mmoja. Kama unaweza, toa mazabodi kwenye kasha kabisa na ufanye kazi hii mezani, kwa sababu ukiibonyeza ikiwa ndani inapinda na unaogopa kusukuma. Ukimaliza, geuza uangalie nyuma: kila plastiki nyeupe iwe imetanuka, na pini nyeusi ya katikati ionekane imepenya. Yoyote ambayo haijapenya, rudia.

Ukikuta pini imevunjika, usihangaike kuitengeneza kwa gundi wala kuifunga waya. Feni za Intel za soketi 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zote matundu yake yana nafasi ile ile ya milimita 75, kwa hiyo feni ya mashine nyingine iliyokufa inakuingia. Ya soketi 775 ya zamani haiingii, wala ya 1700 iliyoanza 2021. Kama una uchaguzi, tafuta yenye kiini cha shaba katikati, usichukue ya alumini tupu. Tofauti utaiona.

Mhariri wa Harusi, Tanga

Fundi, Mungu akubariki. Harusi nimeikabidhi, na jana nimefungua.

Pini tatu zilikuwa zimepenya. Ya nne, ya upande wa RAM, haikuwa na ncha kabisa. Imevunjika, na mtu alikuwa ameichomeka kichwa tu kionekane kama ipo. Huyo ndiye aliyeniambia imefanyiwa sevisi. Pesti upande mmoja ilikuwa nyembamba na kavu, upande wa pini mbovu ilikuwa nene kama ilivyotoka kwenye bomba, haijagandamizwa kamwe. Na kweli, kwa tochi kutoka chini nikaona ule utando aliosema ndugu wa Likoni, mgumu, nimeutoa kwa mswaki.

Feni nimepata kwa fundi wa simu hapa Ngamiani, ilitoka kwenye mashine ya i5 iliyoungua pawasaplai, kile kisanduku cha kuilisha mashine umeme, ina shaba katikati. Nilitoa mazabodi nje kama ulivyosema. Nilisikia kak nne, nikageuza nikaziona zote.

Majibu, chumba kikiwa 31 tena: bila kazi 41. Kurenda, imeanza 62, ikapanda taratibu, baada ya dakika sita ikasimama kwenye 79. Nimerudisha 100%, kasi ni GHz 3.8 na haishuki. Ile video ya dakika ishirini imerudi ndani ya nusu saa. Prosesa iliyoambiwa imechoka!

Swali moja. Nimesoma mahali kwamba i7 za zamani zaidi zilikuwa za baridi kuliko hii, na kwamba watu wanabandua bati la juu kubadilisha pesti ya ndani. Inafaa nami?

Fundi Kompyuta, Kariakoo

Nimefurahi sana dada, tena kuliko ningeitengeneza mimi mwenyewe. Mtu aliyeficha pini iliyovunjika na kuchukua hela ya sevisi ameniudhi kweli. Hiyo ndiyo kazi inayowafanya watu watuogope mafundi.

Kuhusu bati, ulichosoma ni sahihi. i7-2600 ya mwaka 2011 ilikuwa imelehemiwa kwa metali kati ya silikoni na bati lake. Kuanzia kizazi cha 2012 Intel wakaweka pesti ndani, na 4790 yako ya 2014 ni ya ukoo huo. Kwa hiyo usitegemee ikae 60 kwenye kazi nzito, hasa Tanga. Lakini kubandua usithubutu. Wembe ukikosea kidogo unakata silikoni, na huna unachokikosa: 79 mchana wa pwani kwa feni ya kawaida ni afya njema. Ina nafasi ya nyuzi 20 kabla ya kuanza kujipunguza.

Kinachobaki ni kasha. Lisogeze mbali na ukuta, kiganja kizima nyuma, na usiliweke chini sakafuni. Chukua kipande cha karatasi nyepesi ukishike nyuma kwenye feni ya kasha: kikisukumwa, sawa. Kikivutwa, mtu ameigeuza na inarudisha hewa ya moto ndani, nayo ni skrubu nne tu kuigeuza. Na andika mahali hiyo 79 na 31. Tofauti ni 48. Ikianza kuwa 58, fungua usafishe, usisubiri kelele.

Mwalimu, Njombe

Wakuu samahani kuingilia. Nami nina Ryzen 5 3600 na kadi ya GTX 1660, pawasaplai ya bei nafuu imeandikwa 500W. Yangu nikicheza gemu au kurenda inazima ghafla kabisa, kama umeme umekatika. Chumba ni baridi, nyuzi 16. Joto la mwisho nililoona ni 72. Ninunue feni kubwa?

Fundi Kompyuta, Kariakoo

Hapana mwalimu, ya kwako si joto. Ryzen 5 3600 mpaka wake ni nyuzi 95, na ikifika huko inapunguza kasi kwanza kama ya dada, haizimi tu. Kuzima ghafla kwenye 72 namshuku zaidi pawasaplai. Kwenye HWiNFO kuna kitufe cha kurekodi kwenye faili. Kiwashe, cheza mpaka izime, kisha fungua faili usome mistari ya mwisho: joto la prosesa, joto la kadi, na volti 12. Azima pawasaplai nzima kwa mtu ujaribu nayo kabla ya kununua.

Na usiitoe hitisinki kwa sasa. Ikibidi baadaye, ya AM4, soketi ya Ryzen yako, si kama ya Intel: pini ziko kwenye prosesa yenyewe na hakuna fremu ya kuizuia, ukivuta pesti ikiwa baridi inang'oka pamoja na prosesa. Huko Njombe ndiyo kabisa. Ipashe moto kwanza, izungushe, ndipo uinue. Leta hilo faili tulione.